Nimekipa Pembe ya Jamvi

Suweid alishuka Pandani na kisanduku cheupe,
kina kioo kama saa na mkia wa waya,
akakiweka juu ya meza ya skuli, akasema:
hiki kinajua.

Hakusema kinajua nini.
Tulijaza wenyewe.
Mize alijaza mvua, saa na dakika yake.
Nassor alijaza bei.
Mie nilijaza usingizi:
kwamba msimu huu nitalala,
na kitu kingine kitakesha na majamvi.

Kipya kinyemi. Nililipa pishi kumi na tatu
(nahesabu kwa pishi, maana noti husahau,
vidole vilivyochambua havisahau)
na nikaingizwa kwenye kundi la simu, Wajanja wa Karafuu,
ambamo kila asubuhi mtu alituma picha ya kisanduku chake
kama atumaye picha ya mtoto aliyezaliwa jana.
Asiye nacho tulimwita kale.
Hidaya, asiye nacho, alisoma yote kimya,
akaandika mara moja tu:
"Za Bi Chumu ziko nje. Wingu hilo."

Siku ya nne kioo kilisema kavu.
Mkono wangu ulisema bado.
Nilichukua punje nikaipinda, ikapindika;
haikutoa ule mlio mdogo
wa njiti ya kiberiti inayovunjwa.
Nikakitazama kioo, nikautazama mkono,
na mkono ndio niliouonea haya:
kucha nyeusi, mistari imeingia makonyo,
miaka thelathini na mmoja ya kupinda punje.
Nani atauamini mkono usio na betri?

Nikafunga magunia.

Kituoni karani alichoma bambo,
akamwagia kiganjani, akanusa.
Hakunigombeza.
"Zimevunda chini, Bi Riziki,"
kwa sauti ile ile watu wanayotolea pole ya msiba.
Nikayarudisha magunia juu ya gari la ng'ombe,
na njia nzima, wallahi, ng'ombe ndiye aliyenisemesha.

Mize chake alikitia kisimani.
Nassor alitaka tumshtaki Suweid kwa sheha.
Kundi la simu likanyamaza siku mbili,
la tatu likapiga kelele tena: kuna cheusi sasa,
cheupe kilikuwa cha majaribio.

Usiku ule niliwasha tochi ya simu
nikatafuta kwenye boksi kitu cha kulaumu,
nikakuta karatasi iliyokunjwa mara nne,
haijafunguliwa na mtu yeyote Pandani.
Mstari wa pili: Hupima unyevu wa hewa.
Mstari wa tatu: Hakipimi mazao.

Maskini.
Hakijasema uongo hata siku moja.
Sisi tulikiuliza karafuu, chenyewe kikijibu hewa.

Basi nimekipa pembe ya jamvi.
Alfajiri, goti langu halijakubali kuamka,
nakisoma kutoka dirishani:
kikipita themanini siaaniki, narudi kitandani
nusu saa. Usingizi nilioutaka
umekuja, mdogo, wa halali.
Ujira wa wachumaji naupiga kwenye simu,
haigombani na mtu, haisahau senti.
Za ukavu napinda mwenyewe.

Juzi Suweid alirudi na hicho cheusi.
Nilimwambia akae. Nikamuuliza: kinajua nini?
Akaanza: "Bi Riziki, hiki kinajua kila..."
Nikamkata. Kimoja tu, mwanangu. Nitajie kimoja.

Akafungua mdomo, akaufunga.
Akakigeuza kisanduku, akatazama tumboni mwake
kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana.
Nilimpenda kidogo kwa kule kufikiri.

Nikaenda kuteleka chai.